Mti wa Mchele Juu ya Kabati

Simu iliingia saa nne usiku. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, hakusalimia hata. Aliuliza tu kama bado nina zile dawa za maabara. Dawa gani? Akasema za kupimia yusri.

Yusri, kwa asiyeijua, ni matumbawe meusi yanayochongwa tasbihi. Wazee wa pwani wanaithamini, na tasbihi ya yusri halisi hapewi mtoto mtundu. Sasa kaka alikuwa anadai kwamba kwao Kurasini, hapa Dar es Salaam, juu ya kabati la vyombo, umekaa mti mzima wa yusri kwa zaidi ya miaka thelathini, na sisi sote tumekua tukiupita kwenda kunywa chai.

Huo mti niliujua. Kila mtoto wa ukoo anaujua. Baba Mkubwa alikuwa baharia, namaanisha baharia wa meli, si hawa wa vijiweni wanaojiita mabaharia, na alirudi nao safarini ukiwa umeviringishwa kwenye shuka. Urefu wake ni kama sentimita 70. Shina lake chini ni nene kuliko kidole gumba, limekumbatia kijiwe cha ukubwa wa yai la bata. Matawi yanagawanyika mawili mawili kwenda juu, na kwenye vitawi vya mwisho zimeganda punje nyingi zilizoinamia chini, rangi ya chai ya maziwa iliyofifia. Wajukuu wanauita mti wa bisi. Mama Mkubwa peke yake, ambaye ameshavuka miaka themanini, anauita mti wa mchele, na akiulizwa kwa nini anajibu, "Ndivyo mwenyewe alivyoniambia." Tulikuwa tunacheka. Baadaye jina hilo lilitushinda sote kwa hoja.

Kilichouleta mti kwenye mjadala ni jamaa mmoja anayezunguka mitaani kununua redio za zamani na saa za ukutani. Alikuja kwa ajili ya saa, macho yakagonga kabati. Akaomba ngazi, akakwangua shina kwa kisu, akaunguza unga wake kwa kiberiti, akanusa. "Yusri hii," akasema. Akataja shilingi milioni tatu. Na kabla mtu hajamwambia ndiyo wala hapana, akaomba kipande cha kwenda kumwonyesha tajiri wake, kaka akampa msumeno wa chuma, wakakata tawi moja nene karibu kabisa na shina, mkato mmoja. Kipande alichoondoka nacho kilikuwa na urefu wa kidole. Kisiki cha mkato kikabaki pale, kikiwa wazi kama mdomo.

Mama Mkubwa alikuwa msikitini. Aliporudi akaona unga mezani akauliza nani amekata. Hakuna aliyejibu haraka. Akasema mti hauuzwi mpaka aambiwe ni kitu gani na kimetoka wapi, maana marehemu hakumwibia mtu na yeye hatamwuzia mtu asichokijua. Ndipo nikapigiwa simu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na kabla ya hapo nilikaa miaka mingi maabara nikitayarisha vielelezo vya viumbe wa baharini. Kwenye ukoo hiyo inatosha kuitwa mtaalamu.

Nilivyokosea

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini mnunuzi naye alikosea, kama kweli alikosea.

Nilifika Jumamosi asubuhi nikarudia jaribio lilelile la moto. Unga ulitoa harufu ya unywele ulioungua. Nikatazama shina: jeusi, linang'aa, gumu kama pembe. Nikasema mbele ya watu, "Inawezekana ni yusri kweli." Kaka alikuwa ameshampigia fundi wa bati kabla sijamaliza sentensi, maana paa la nyumba ile linavuja tangu masika ya mwaka juzi.

Harufu ya unywele maana yake ni protini tu. Unywele ni protini, kucha ni protini, pembe ya mbuzi ni protini. Kiunzi cha yusri kina protini, sawa. Lakini kuna kundi zima la matumbawe mengine, gorgonia, ambao wengi wao wana mhimili uliojengwa kwa protini iitwayo gorgonini, nayo ikiungua hunuka vilevile. Moto ulichojibu ni kwamba kitu hiki si plastiki wala si mti wa nchi kavu. Haukujibu zaidi ya hapo, na mimi niliusemesha zaidi ya ulichosema. Ule weusi unaong'aa nao nilikuja kujua ni vanishi. Baba Mkubwa aliupaka mwenyewe, kopo lilelile lililopaka miguu ya viti.

Kilichonisumbua njiani kurudi nyumbani ni uzito. Yusri ni nyepesi mkononi. Mti ule, kwa unene wake, ulikuwa mzito. Na pale penye mkato wa msumeno nilikuwa nimeona miduara, kahawia na nyeupe ikipishana, na weupe ule ulikuwa kama wa chokaa.

Siki, tasbihi na kioo cha kukuzia

Wiki iliyofuata nilikwenda na chupa ya siki, msasa, na kioo cha kukuzia. Nikamwomba Mama Mkubwa tasbihi yake ya yusri, ile aliyoletewa kutoka Hija, yenye punje moja iliyovunjika. Akaitoa baada ya kuniapisha.

Nilisaga kidogo kutoka kwenye ile punje iliyovunjika na kidogo kutoka kwenye kisiki cha mti, kila unga kwenye kisahani chake. Nikaunguza kidogo cha kila upande: harufu moja, huwezi kutofautisha. Kisha nikadondosha siki. Unga wa yusri ulilala tu, ukalowana. Unga wa mti ukatoa viputo, vidogo vidogo, vikipanda taratibu kama soda iliyokaa. Wajukuu walisogea. Kaka alisogea pia, halafu akarudi kukaa.

Viputo ni hewa ya kaboni dayoksaidi, na asidi kama siki huitoa inapokutana na chokaa. Yusri haina chokaa kwenye kiunzi chake. Mti ule ulikuwa nacho, na hapo hapo una protini. Vitu viwili kwenye mhimili mmoja, tena kwa tabaka: miduara ya kahawia ni yenye gorgonini nyingi, myeupe ni kalsaiti, yaani chokaa ya aina ileile inayojenga mawe ya chokaa.

Lakini ushahidi ulionimaliza kabisa ulikuwa kwenye zile bisi. Nilichukua kitawi kimoja kilichokuwa kimeshavunjika ndani ya vumbi la kabati nikakiweka chini ya kioo. Kila punje, yenye urefu wa nusu sentimita hivi, haikuwa punje. Ilikuwa polipu, yaani mnyama mmoja mmoja wa tumbawe, aliyekauka ndani ya vazi la magamba. Magamba ya chokaa, yamepangana kama vigae, na kwenye mdomo yamejikunja kwa pamoja kufunga mlango. Nikahesabu ya mlangoni. Manane. Nikahesabu ya polipu nyingine. Manane.

Nane ndiyo namba ya ukoo huo. Yusri ina minyiri sita kwa kila polipu. Gorgonia wana minane, na kila mnyiri una vijitawi pembeni kama unyoya. Kuna familia moja ya gorgonia wa maji ya kina wanaojivika magamba namna hii na kufunga mlango kwa magamba manane, nayo huitwa Primnoidae. Na ndani ya familia hiyo, mwenye shina la kugawanyika mawili mawili, lenye tabaka za gorgonini na kalsaiti, na polipu kubwa zinazoning'inia kuelekea chini kama suke la mtama lililoiva, ni Primnoa. Anayepatikana Atlantiki ya Kaskazini ni Primnoa resedaeformis.

Nilijiuliza kuhusu wengine pia, nisije nikakosea mara ya pili mbele ya Mama Mkubwa. Kuna gorgonia mkubwa zaidi anayeishi naye jirani, Paragorgia arborea, anayekua mita kadhaa na mwenye rangi nyekundu au ya waridi. Huyo hana mhimili mgumu; ndani yake ni vijiwe vidogo vilivyoshikana kama sponji, na akikauka humeguka. Msumeno usingeacha uso laini wenye miduara. Kuna matumbawe ya mianzi, ambayo kiunzi chake ni pingili nyeupe za chokaa na vifundo vyeusi, unaweza kumtambua hata ukiwa mlangoni. Na gorgonia wa hapa kwetu, wale wanaofanana na upepeo wa kupulizia jiko unaowaona ukizamia Bongoyo au Mbudya, hawana polipu za magamba ya namna hii.

Kwa hiyo swali la kwanza la Mama Mkubwa lilikuwa limejibiwa. Nilimwambia ni mnyama. Au tuseme wanyama, mamia, wameishi kwenye shina moja. Akautazama mti muda mrefu. "Na mimi nilikuwa naupangusa vumbi na kitambaa cha sufuria."

Mchele

Swali la pili, umetoka wapi, lilikuwa na majibu mawili yaliyopigania nafasi. Primnoa resedaeformis anapatikana pande zote mbili za Atlantiki ya Kaskazini: Norwei upande huu, Kanada ya mashariki upande ule. Baba Mkubwa aliwahi kutaja Halifax, bandari ya Kanada, kwenye hadithi zake. Kaka alikuwa na hakika ni Kanada.

Kile kijiwe cha chini kilisaidia nusu. Ni granaiti, ya kijivu yenye chembe nyeupe na nyeusi zinazometa, imeviringwa mviringo. Ukanda wa Dar hauna jiwe la namna hiyo ufukweni. Sisi tuna mawe ya matumbawe ya kale, mchanga na udongo. Primnoa hahitaji mchanga. Anahitaji kitu kigumu cha kushika, na katika bahari za kaskazini vitu hivyo ni majabali na mawe yaliyokokotwa na barafu nene za zama za kale kisha yakaachwa chini barafu ilipoyeyuka. Baharia au mvuvi akivuta nyavu, tumbawe linakuja na jiwe lake. Lakini majabali hayo yako Norwei na yako Kanada. Jiwe lilisema kaskazini, halikusema wapi.

Kitabu cha baharia kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mihuri ya Halifax ilikuwepo, ya 1979. Mti uliingia nyumbani, kwa kumbukumbu ya kila mtu, mwaka aliozaliwa mdogo wake kaka, yaani 1987. Na mihuri ya 1987 ilikuwa ya bandari za Norwei: Bergen, Ålesund na Trondheim.

Hapo ndipo mchele ulipoingia. Wavuvi wa Kanada wakiziona zile polipu hukumbuka bisi, kama wajukuu wetu. Lakini kwa Kinorwei huyu tumbawe anaitwa risengrynskorall. Risengryn ni punje za mchele. Tumbawe la punje za mchele. Mtu wa bandarini kule alimpa Baba Mkubwa mti, akamwambia jina lake, naye akamtafsiria mkewe vilevile alivyosikia. Mama Mkubwa amelihifadhi jina la Kinorwei kwa Kiswahili miaka yote hiyo, sisi tukidhani uzee.

Nilipomweleza hakuonyesha kushangaa. Alisema, "Si niliwaambia."

Huko ulikotoka

Watoto walitaka kujua huko chini kukoje, na nilitumia jioni nzima kuwaeleza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtu wa Dar akisikia matumbawe anawaza maji ya uvuguvugu na jua. Ni haki yake. Matumbawe ya Mbudya na Pangavini yanategemea jua kwa sababu ndani ya miili yao wanaishi vijimea vya hadubini, na vijimea hivyo ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya chakula kwa mwanga. Ndiyo maana maji yalipopata joto kupita kiasi mwaka 1998 matumbawe ya pwani hii yalipauka: yalikuwa yanawafukuza wapangaji wao.

Primnoa hana mpangaji. Anaishi kwenye giza, mara nyingi kati ya mita 100 na 500 chini, katika maji ya nyuzi 4 hadi 8 hivi za Selsiasi. Ni baridi ya ndani ya friji, mwaka mzima, mchana na usiku. Chakula chake ni kinachopita: viumbe vidogo vinavyoelea, mabaki ya viumbe vinavyodondoka kutoka juu, chembechembe. Yeye hafuati chakula. Anasimama juu ya jabali, anatandaza minyiri yake minane minane, anangoja mkondo umletee. Hivyo mahali pake ni pale maji yanapokwenda kwa kasi: kwenye vizingiti, kwenye kingo za rafu ya bara, yaani pale sakafu ya pwani inapoporomoka kwenda kina, kwenye milango ya mabonde ya chini ya bahari. Palipotulia pana tope, na tope humziba.

Norwei ina ghuba nyembamba, fyodi, zinazoingia ndani kati ya milima, na mdomoni mwa nyingi kuna kizingiti ambapo maji hubanwa na kwenda mbio. Katika fyodi ya Trondheim miamba ya matumbawe ya maji baridi inapanda juu kuliko karibu kokote duniani. Pale Tautra kuna miamba ya Lophelia, tumbawe gumu jeupe, kwenye mita 39 tu. Primnoa na Paragorgia ni majirani wake wa kawaida. Akiwa hai Primnoa hana rangi ya chai ya maziwa. Ana rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa, kama samoni aliyekatwa. Watoto walikataa kuamini mpaka nikawaonyesha picha kwenye simu.

Na hakai peke yake. Kwenye matawi hupanda viumbe jamaa wa kiti cha pweza, wenye mikono iliyojigawa na kujisokota kama kikapu kilichofumuliwa, ili nao wafaidi mkondo. Samaki wekundu wa kaskazini hujibanza chini yake. Mtoto mmoja aliuliza kama ni kama kichuguu. Nikasema ni kama mwembe wa uwanjani, kila mtu ana shughuli yake chini.

Wanasayansi walimjua zamani, kupitia wavuvi. Askofu wa Trondheim, Johan Ernst Gunnerus, aliyekuwa akikusanya viumbe vya baharini walivyomletea watu wa pwani, ndiye aliyemwandika huyu mwaka 1763. Alimfananisha na ua la reseda, ndiyo hiyo resedaeformis. Askofu huyohuyo ndiye aliyempa jina la kisayansi yule samaki papa mkubwa anayekula viumbe vidogo vinavyoelea, mwaka 1765. Ua, bisi, mchele: kila mmoja ameona kilichoko jikoni au bustanini kwake. Mimi niliona suke la mtama, babu yangu alikuwa wa Dodoma.

Kilichoharibu makao yake kuliko kitu kingine chochote ni nyavu za kukokota sakafuni, na kwa kiasi kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Mti uliosimama miaka mia unang'olewa kwa dakika. Norwei ilipiga marufuku kuharibu miamba ya matumbawe kwa makusudi mwaka 1999. Miaka mitatu baadaye, baharini nje ya visiwa vya Røst, ukakutwa mwamba wa Lophelia wenye urefu wa kilomita kama 35, karibu umbali wa Posta hadi Kibaha, ukiwa mita 300 hadi 400 chini, na watu walikuwa wamevua juu yake vizazi na vizazi. Mwaka huohuo wa 2002 Kanada ikatenga kilomita za mraba 424 kwenye mlango wa bahari kusini-magharibi mwa Nova Scotia mahsusi kwa ajili ya Primnoa na Paragorgia. Mti wa Kurasini ulitoka majini mwaka 1987, kabla ya yote hayo. Aliyeung'oa hakuwa anavunja sheria, na huenda alikuwa anaulaani kwa kumchania nyavu.

Miduara

Sasa ule mkato wa msumeno, ambao Mama Mkubwa alikuwa bado hajamsamehe kaka kwa ajili yake, ukawa na faida. Uso wa kisiki ulikuwa dirisha. Nikausugua kwa msasa mpole, kisha kwa msasa wa maji, mpaka miduara ikasimama wazi kama ya gogo la mninga.

Miduara ya Primnoa ni ya miaka, na hilo halikukubaliwa kwa kutazama tu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza sana kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, hewani, ikaingia baharini, ikaliwa na viumbe wa juu, ikadondoka chini kama chakula. Gorgonini hujengwa kwa chakula hicho. Watafiti wakapima tabaka moja moja wakakuta alama ya mabomu imekaa hasa kwenye miduara ambayo kwa hesabu ingekuwa ya miaka hiyo. Utafiti huo ulichapishwa 2005. Bomu liliacha muhuri ndani ya kiumbe kilichoko mita mia kadhaa chini ya bahari, kwenye giza, ambako hakuna aliyeusikia mlipuko.

Nilihesabu mara tatu, kwa pini na kioo, nikipumzika katikati. Nilipata 66, kisha 71, kisha 68. Tofauti ni kwa sababu miduara ya nje imebanana, na ukingo wa mwisho ni chokaa tupu. Tena ni tawi, si shina lenyewe. Shina ni lazima lilianza kabla. Lakini hesabu inakaa: jamaa yake wa Alaska, ambaye sasa anahesabiwa kuwa spishi tofauti, Primnoa pacifica, hurefuka kama sentimita 2 kwa mwaka, na wa Atlantiki huanza na kasi ya namna hiyo kisha hupunguza akizeeka. Mti wetu ncha zake zimevunjika, huwezi kuutegemea urefu. Nikachukua 68. Kutoka 1987 kurudi nyuma inafika 1919, au kabla.

Bei, na sheria

Hapa sitakaa. Yusri iko kwenye Kiambatisho cha pili cha mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake kuivusha mpaka bila kibali ni kosa. Gorgonia kama Primnoa hawamo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kama mnunuzi angekuwa sahihi, kaka angekuwa anauza kitu cha kuhojiwa kwa milioni tatu, na kwa kuwa hakuwa sahihi, alikuwa na kitu halali kisicho na mnunuzi.

Nilimweleza yule jamaa kwa simu, kwa upole. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa nimwambie tajiri ni mchele?" Akataja shilingi elfu arobaini, kwa pambo. Kipande alichokata hakukirudisha. Kama alijua tangu mwanzo kuwa si yusri na alikusudia kumwuzia mwingine kwa jina hilo, mimi siwezi kumshitaki. Nilinusa harufu ileile nikadanganyika vilevile. Ila mtu anayenunua tasbihi abebe siki.

"Mbona huku hakuna?"

Mjukuu wa kike, yuko kidato cha pili, aliuliza swali zuri kuliko yote: kama anataka baridi, si bahari yetu nayo ina kina?

Ina kina. Maji ya juu hapa hucheza kati ya nyuzi 25 na 30, lakini ukishuka mita 500 unakuta kama nyuzi 10, na chini zaidi ni baridi zaidi. Joto letu ni blanketi jembamba. Mlango wa Pemba unafika mamia ya mita. Primnoa resedaeformis hayuko, makao yake ni Atlantiki ya Kaskazini, lakini gorgonia wa maji ya kina wapo. Mwaka 1899 meli ya Kijerumani ya utafiti wa kina cha bahari, Valdivia, ikiongozwa na Carl Chun, ilitia nanga hapahapa Dar es Salaam ikitoka Ushelisheli, baada ya kuzunguka hadi karibu na bahari ya barafu ya kusini. Gorgonia ilizokusanya safari nzima, wakiwemo wa Afrika Mashariki, waliandikwa na Willy Kükenthal katika kitabu kilichotoka 1919.

Mwaka uleule mti wetu unaohesabika kuanza. Nilisema kwa sauti, hakuna aliyejali.

Nikamwambia pia kuhusu silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanzania walianza kumpata ndani ya jarife tangu 2003, hata Tanga ikapata hifadhi yake mwaka 2009. Naye alikuwa huko chini siku zote. Na kusini, zilipochimbwa gesi kwa majina ya viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi, maji yana kina cha zaidi ya mita 2,000 kwenye visima vya kwanza, na mashine za kamera hushushwa huko na taa zake. Akauliza kama anaweza kusomea hiyo. Nikasema Kunduchi pana shule ya chuo kikuu inayofundisha mambo ya bahari. Ameandika kwenye daftari.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa kimya akivuta tasbihi, akiiruka punje iliyovunjika. Akaniuliza nirudie ule mwaka. 1919, nikasema, au kabla. Marehemu alizaliwa 1931. Akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Kwa hiyo ni mkubwa wake."

Nikasema kwa hesabu zangu ndiyo, kwa miaka kumi na miwili hivi, ingawa naweza kuwa nimekosea miduara michache. Hakusikiliza hiyo ya mwisho. Alimwita kaka, akamwambia ateremshe mti kabatini, aufute vanishi kwa utaratibu nitakaomwonyesha, auweke mezani karibu na Kurani, kile kisiki kikitazama ukutani. Fundi wa bati atalipwa kwa kodi ya chumba cha uani.

Nilipoaga, mjukuu mdogo kabisa alikuwa amesimama mbele ya meza, mkono kichwani, anaupa mti shikamoo. Bibi yake akamwitikia kwa niaba.